Siti ya Daudi

Pale Matongo fundi wa kushona kava za siti za pikipiki ni mmoja tu, Verdiana. Mimi Ester nakaanga chapati mlango wa pili, kwa hiyo msiniletee habari za kusikia. Mdomo anao, lakini siti yake haivuji.

Daudi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, dereva wa bodaboda. Alimbeba abiria mchana kweupe kwenda Sirari, hakurudi. Walimkuta kichakani, dereva wa nne kuuawa mwaka ule. Muuaji alijulikana kwa jina la Shemeji, maana ndivyo alivyowaita madereva wote, kwa sauti tamu, kabla ya kuwanyonga. Mshenzi yule, mnisamehe.

Za mwizi arobaini. Alikamatwa na pikipiki, ila namba zote alikuwa amezikwangua. Tukaambiwa isipothibitika kwamba ni ya Daudi, kesi itaanguka naye ataenda zake. Kilichobaki ni siti, na shahidi wake Verdiana.

Mahakamani Tarime wakili wa utetezi alicheka. "Mama, kava nyeusi kama hizi zimejaa mkoa mzima. Mshono ni mshono."

Hapo alimchokoza. Namjua Verdiana, akikasirika ndipo kumbukumbu zinamrudia. Akamgeukia jaji.

"Mheshimiwa, naomba uandike kwanza, ndipo wakate. Upande wa kushoto panya walikuwa wamekula sponji. Niliziba kwa kipande cha sare ya kwaya ya marehemu mama yetu. Cha kijani, kina kifungo kimoja cheupe. Hata Daudi hakujua."

Jaji akaandika. Askari akachana kava kwa wembe, akavuta kitambaa. Kijani, na kifungo chake kikining'inia. Nililia kwa furaha mbele za watu, wala sikuona haya. Wakili alikaa chini akaanza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika.

Siku aliyotiwa hatiani, yule mtu alipitishwa mbele yetu na pingu, akatabasamu. "Shemeji, umeniweza."

"Mimi sio shemeji yako," Verdiana akamwambia. "Mimi ni dada yake Daudi."

Pikipiki alirudishiwa. Akaishona siti upya, kitambaa kile kile ndani, akajifunza kuendesha na miaka yake hamsini na moja. Siku ya ibada hunipakia nyuma, na tukipita kijiweni madereva wote husimama.