Yakuti za Sebuleni kwa Mansuetus

Shemeji yangu Mansuetus Kinunda hajawahi kuwa mvivu, na hilo ndilo tatizo lake. Mvivu angelala, dada yangu Otilia akafanya kazi zake kwa amani. Mansuetus huamka mapema, ananawa, anachana nywele, kisha anajishughulisha na jambo ambalo hakuna mtu hapa kijijini kwetu Ruanda aliyemwomba alifanye. Alianza na sungura, wakatumalizia kabichi. Ikaja antena ya kunasa redio za Malawi, aliyoigongomea juu ya paa mpaka bati likavuja kwenye kitanda cha mama mkwe wake, yaani mama yetu, na mama akahamia kwangu. Yote hayo tulimsamehe. Mwaka juzi akanunua simu kubwa, akaona video ya mtu anayeotesha vito jikoni kwake. Hapo ndipo tulipokwisha.

Mkoa wetu una yakuti samawi ardhini, hilo kila mtu analijua. Vijana wanakwenda Tunduru kuzichimba, wanarudi na malaria na hadithi ndefu. Mansuetus aliwaonea huruma.

"Kuchimba ni ushamba, shemeji," aliniambia. "Dunia ya sasa jiwe linapikwa."

Na kweli alipika. Unaiyeyusha dawa kwenye maji ya moto mpaka maji yakatae kuipokea zaidi, unayaacha yapoe, unaning'iniza punje moja kwa uzi katikati ya chupa. Siku zinavyokwenda punje inanenepa na kujichonga pembe yenyewe. Nisiwe mchoyo wa sifa, yalikuwa mazuri. Meupe aliyapata kwa shabu, ile wanayotupaka vinyozi. Ya bluu, hayo yaliyomfanya atembee kifua mbele, hakusema anayatoa wapi. "Kemikali," alijibu, akafumba macho kwa uzito wa elimu.

Mimi nakwambia sasa hivi, ili usisumbuke nilivyosumbuka mimi: yalikuwa mrututu, ile dawa ya bluu ya kupulizia mibuni. Mrututu wa dada yangu. Otilia aliuza maharage yake ya kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia huku milimani, akanunua mfuko mzima dukani kwa Abdulmajid pale Mbinga mjini, akauweka ghalani kungoja mvua. Msimu uliotangulia ugonjwa wa chulebuni ulikuwa umeingia kwenye kahawa yao, buni changa zikawa nyeusi na kukaukia mtini, na binti yao Clemence nusura arudishwe nyumbani kutoka chuo cha uuguzi kwa kukosa ada. Dada aliitegemea dawa ile, mrututu na chokaa. Msimu huu nao ukiharibika, Clemence ndiyo basi. Otilia alilijua hilo kila alipopita ghalani. Mansuetus naye alipita ghalani, na kikombe.

Nyumba ikageuka mahali patakatifu. Vito havitaki mtikisiko, kwa hiyo kutwanga kukapigwa marufuku, dada yangu akawa anabeba mahindi kuja kutwangia kwangu. Sufuria ya wali ikaliwa na dawa mpaka ikatoboka. Kisha Mansuetus akamtengenezea mkewe pete yenye jiwe la bluu. Otilia akaivaa Jumapili, akaosha vyombo nayo, jiwe likayeyukia kidoleni na kuacha rangi ya kijani kwenye ngozi. Unajua mtengeneza pete alisema nini?

"Mama Clemence, wanawake wa huku hamjui kutunza vito."

Dada yangu akaendelea kusugua kidole. Ningekuwa mimi, ningemvisha lile beseni la vyombo.

Mvua zilipokolea, jiwe kubwa kuliko yote lilikuwa limefikia ukubwa wa yai la bata. Alilipa jina, Malkia wa Nyasa, kwa kuwa eti rangi yake ni ya ziwa ukilitazama kutoka juu milimani Tingi. Akamwalika Abdulmajid aje kulithamini, maana ana ndugu masonara huko pwani. Mimi nilikuwapo. Nisingekosa.

Abdulmajid alikuja na kanzu safi, akakaribishwa chai. Akaligeuza jiwe kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza tena, akakohoa. Ni mtu wa adabu.

"Mzee Kinunda, umelitoa wapi?"

"Nimeliotesha mwenyewe."

"Mzee wangu, niwie radhi. Huu ni mrututu. Mama hapa alichukua mfuko kwangu, wa kupulizia kahawa."

Otilia alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini polepole, akatoka kwenda ghalani. Tulimsikia akikung'uta mfuko. Aliporudi alimtazama Abdulmajid tu.

"Una mwingine dukani?"

"Umekwisha, mama. Mjini kote hamna. Mzigo tunautarajia mwezi ujao."

Mwezi ujao kusingekuwa na buni ya kupulizia. Otilia akaanza kuzikusanya chupa. Mansuetus akaruka kusimama mbele ya kabati, mikono kaitandaza.

"Mama Clemence, haya ni ya maonyesho! Nimeshawaahidi watu wa Nanenane!"

"Sogea, Baba Clemence."

"Huyu Malkia nimemlea miezi!"

"Na Clemence umemlea miaka mingapi?"

Akasogea. Abdulmajid akakumbuka kwamba ameacha duka wazi, akaaga bila kumaliza chai. Chupa zote za bluu zikamiminwa kwenye pipa la plastiki uani. Malkia hakukubali kuyeyuka haraka, kwa hiyo Otilia akamfunga kwenye gunia na kumponda kwa jiwe, jiwe la kweli, la bure, lililokuwa limelala pale mlangoni. Akachanganya chokaa, akachuja, akajaza pampu ya mgongoni. Nilidhani ataibeba mwenyewe, kama anavyobeba kila kitu. Akamkabidhi mumewe.

"Jiwe ni lako. Lipulize."

Mansuetus akaingia shambani, akapita mti kwa mti, akiacha vidoa vya samawati juu ya majani. Nilicheka mpaka nikashika shina la mbuni. Kisha nikamwona akifuta macho kwa mkono wa shati, na dawa haikuwa imemwingia. Nikamwonea huruma kidogo, nikaimeza. Alipofika katikati ya mstari alisimama, akavuta tawi, akageuza buni moja yenye doa jeusi lililobonyea. Akalipapasa lile doa kwa kidole gumba.

"Mama Clemence," akaita, sauti imeshuka, "haya madoa yameanza lini?"

"Nilikuambia Jumapili, tukiwa mezani," Otilia alijibu. "Ukaniomba nikuongezee mchuzi."

Mansuetus akaliachia tawi, akauweka vizuri mkanda wa pampu begani, akaenda mti unaofuata.