Yosia wa Muthetheni

Nikinusa mafuta yale ya kujipaka ili jua lisikuunguze, papo hapo niko Muthetheni, darasa la tatu, nimemkodolea macho Mzungu wa kwanza kuketi kwenye kigoda chetu. Alinukia hivyo, mama wa watu, na bado pua ilikuwa imembabuka ikaiva kama nyanya.

Alitoka Amerika kutafuta alikoishia babu ya baba yake, mhubiri aliyeitwa Yosia, aliyekuja Ukambani zamani kabla ya reli asirudi tena. Baba yake alikuwa taabani huko kwao, na kabla hajafa alitaka kuambiwa mzee huyo alilala wapi. Mgeni wetu alikuwa amezunguka makanisa na maofisi ya Machakos mjini wiki nzima bila kupata kitu, mpaka mtu akamwelekeza kwetu, na kesho yake alikuwa anarudi.

Baba alimtafsiria Susu, nyanya yetu. Susu akasema babu yake ndiye aliyembeba Mzungu huyo mgongoni homa ilipomzidi, na ndiye aliyemzika. Lakini mahali penyewe palishalimwa, hapajulikani.

Yule mama akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma, nikatamani kulia.

"Kaburi ndio sijui," Susu akasema. "Lakini mwenyewe yuko. Tata, kuja usalimie mjukuu wako."

Tata kwetu ni baba, na aliyeitwa hivyo ni ndugu yangu Yosia, wa miaka minne, shati bila suruali, muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, umemjaa mashavuni. Babu ya Susu alimpa mwanawe jina la yule mhubiri. Mwana huyo ndiye aliyemzaa Susu, na ndugu yangu akapewa jina lake. Kwetu, anayepewa jina la mtu ni mtu huyo amerudi, na huitwa na kuheshimiwa vivyo hivyo.

Baba alipomtafsiria hayo, nilijua mgeni atacheka. Wapi! Alipiga magoti vumbini, akaushika ule mkono mchafu kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka. Mwili ulinisisimka, nanyi mngekuwepo ungewasisimka. Yosia alimtazama, akamtilia punje za muthokoi kiganjani. Mgeni akazila zote.

Kwa miaka mingi niliamini Susu alisema "mwenyewe yuko" ili tu amtulize mgeni. Kisha tukamzika baba, na baadaye nikajifungua mvulana, nikampa jina lake. Asubuhi moja alikataa uji. "Tata, kunywa, tafadhali," nikamwambia, na sauti iliyonitoka ilikuwa ile niliyomsemesha nayo baba nikiwa mdogo. Nikakaa chini, nikalia mpaka uji ukapoa.