Nyundo Iliyosikika Majini Kasanga

Mama Yustina, mwenye nyumba ninayopanga hapa Majengo, alipoteza usikivu polepole, mpaka mwaka jana akaacha kwaya ya parokia. Masikio yake yalikuwa yakitoa usaha tangu utotoni. Wanawe walimsihi akapimwe Mbeya, akakataa. Alisema huko ndani kumeshakufa, hakuna cha kupima. Mdogo wake wa Kasanga alipomwalika kwenye ubatizo wa mjukuu, aliniomba nimsindikize, maana hasikii honi wala kondakta. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimefundisha mawimbi miaka kumi na mmoja bila kukanyaga ufukwe wowote. Nikakubali.

Ijumaa saa mbili asubuhi basi liliondoka Sumbawanga. Kulikuwa na baridi, na mashamba ya ulezi yalikuwa yameshavunwa. Tulipofika Matai tulikunywa chai. Baada ya hapo barabara huanza kuteremka, joto likapanda, tukavua makoti. Masikio yangu yakaziba kwa mteremko, nikamwonyesha kwa ishara. Alicheka, akasema yake yameziba bila kuteremka popote.

Kasanga tulifika mchana. Ziwa Tanganyika lilikuwa limetandaa mpaka macho yakashindwa. Mdogo wake, Fundi Kasiani, huunda maboti; nilimwamkia shikamoo, akatupokea kwa ugali na samaki wa ziwani, migebuka. Jioni nilikaa ufukweni nikilitazama ganda la muhogo likielea. Kila wimbi lilipopita, ganda lilipanda na kushuka, lakini halikusogea kuja kwangu. Nimeuchora mchoro huo ubaoni mara nyingi, na bado nilikaa nikiutazama mpaka nikaitwa kula.

Jumamosi asubuhi Fundi Kasiani alikuwa akigonga misumari kwenye boti lililoelea nyuma ya matete. Nilioga karibu na hapo. Nilipozamisha kichwa, milio ya nyundo ilinijia kutoka kila upande. Majini sauti huenda kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani, hufika masikio yote mawili karibu kwa pamoja, na mtu hawezi kujua inakotoka. Tena hupita hata kwenye mifupa ya kichwa, bila kusubiri ngoma ya sikio.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Yustina. Nilitoka, nikamwandikia kwenye daftari tunalotumia kuzungumza: zamisha kichwa. Alisita. Wifi yake, mke wa Fundi Kasiani, akamshika mkono, wakaingia na khanga zao mpaka kifuani. Alizama, akakaa kidogo, akaibuka.

"Nani anagonga?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa amemwambia, na boti halikuonekana kutoka pale. Alizama tena. Punde nyundo ikanyamaza, naye akainua kichwa.

"Ameacha."

Wifi yake alimkumbatia. Yeye alifuta uso, akatuma mtu amwombe mdogo wake aendelee kugonga. Siku ile boti lilipigwa misumari ambayo nadhani halikuihitaji.

Jumapili mtoto alibatizwa. Jumatatu, ndani ya basi la kurudi, nilimwandikia kwamba majini sauti hupita kwenye mifupa ya kichwa, na kwamba huenda sehemu ya ndani ya sikio bado ni nzima, ila mimi si daktari. Alisoma mara mbili, akaichana karatasi ile, akaikunja na kuiweka kwenye mkoba.

Wiki mbili baadaye alikwenda Mbeya. Daktari alimweleza kwamba ngoma zote mbili zimetoboka, lakini ndani kunafanya kazi. Sikio moja linaweza kufanyiwa upasuaji, ingawa hakumwahidi kwamba litapona kabisa. Amepangiwa siku, na amekubali.

Jioni aliyorudi alinikuta barazani nikisahihisha madaftari.

"Mwalimu, habari hii ya mifupa uliijua siku zote?"

Niliinamisha kichwa kukubali.

"Na tumekaa nyumba moja miaka minne."

Hakusema kwa lawama. Aliingia ndani kuinjika maharage. Mimi nilibaki na kalamu mkononi, nikiwaza ni mangapi mengine ninayoyajua na kuyaacha yaishie ubaoni, nikiyafuta kengele ikilia.