Rimoti Iliyomrudisha Mkwe Wangu Kwao

Mimi Kokugonza nina hasira za karibu, nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na majirani. Nilikuja Nyaishozi kuolewa, nikitokea Muleba. Mume akafariki mapema, nikauza sukari na mafuta ya taa mpaka mwanangu Rwezaura akamaliza shule. Basi mwaka tisini na sita aliponiletea televisheni, deki ya video na jenereta, nilijiona nimefika! Mgeni akiingia nakaa kwenye kochi, nainua rimoti, picha hiyo. "Yesu na Maria!" wanashangaa. Nami nafurahi.

Mwezi huohuo Rwezaura akamwoa Laurensia, binti mpole wa Kihanga. Aliniletea zawadi ya kitambaa alichokidarizi mwenyewe, maua mazitomazito. Nikakitandika juu ya televisheni ili kila mtu akione.

Kesho yake rimoti ikakataa. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma, wapi! Nikabadilisha betri, wapi! Nikainuka, nikafunua kitambaa, nikabonyeza vitufe vya televisheni yenyewe, pale kando ya kioo. Ikawaka. Basi mbovu ni rimoti, na aliyefagia sebule asubuhi ile ni Laurensia.

"Umeiangusha," nikamwambia.

"Hapana, mama. Sikuigusa."

"Mwongo! Nyumbani kwangu sitaki mwongo."

Wiki nzima nilimwimba hivyo, mbele ya mumewe, mbele ya majirani. Jumamosi akafungasha, akarudi kwao.

Jumatatu nikapeleka rimoti kwa Twagirayezu, fundi wa redio pale barabarani. Akawasha redio ya masafa ya kati, akaiacha pasipo na kituo, akaisogezea rimoti na kubonyeza. Redio ikanguruma: trrr! trrr!

"Mama, hii nzima," akasema. "Redio inasikia umeme wake. Yenyewe inatoa mwanga tusiouona, unawaka na kuzimika haraka mno. Kila kitufe kina mpigo wake, kama ngoma: ukisikia ya msiba huendi harusini. Televisheni ina kijicho cha kuupokea mpigo, kisha inatii."

"Kiko wapi hicho kijicho?"

"Kwenye nyingi kipo kando ya vitufe. Hujakiziba kwa kitu?"

Nilikimbia hadi nyumbani, mtu mzima mimi! Pembe ya kitambaa ilikuwa inaning'inia palepale. Nikaipandisha, nikabonyeza rimoti. Ikawaka. Mungu wangu! Nani alikitandika? Si mimi? Kila nilipokifunua nibonyeze kwa mkono, nilikishusha mwenyewe, nikarudi kwenye kochi kumlaani mtoto wa watu.

Kesho yake alfajiri nikapanda gari la mizigo kwenda Kihanga. Laurensia alikuwa anaanika kahawa na mama yake. Aliponiona akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Heshima ile ilinichoma. Nikawaeleza yote, sikuficha hata kitambaa. "Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Kumbe hukuiharibu. Fundi kaikuta nzima."

Akainuka, akapangusa vumbi magotini.

"Nimekusamehe, mama. Lakini angeikuta imekufa kweli, ungekuja?"

Mama yake akaacha kahawa, akanigeukia, naye anangoja jibu. Nikachutama kando yao, nikaanza kutandaza kahawa.