Jina la Mchungaji Ng'ambo ya Reli

Cleophus Gaither alisimika vibao vya barabara za mji wetu wa Alder Springs, Georgia, kwa miaka thelathini na mmoja. Mara tatu cheo cha unyapara kilimruka, kikaenda kwa mzungu ambaye Cleophus mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Wa mwisho alikuwa Hal Pruitt. Huyo alimwita "Cleo" mbele za watu, ila yeye alitaka aitwe "Bwana Pruitt."

Lakini kilichomkereketa zaidi ni barabara. Mchungaji Amos Treadwell, aliyetuongoza sisi weusi kudai kura hadi akavunjwa taya kwenye ngazi za mahakama, alipofariki, baraza la mji liliipa barabara kuu jina lake. Vibao vikaishia kwenye reli. Ng'ambo, kwa wazungu, barabara ile ile ikabaki kuitwa Magnolia.

Cleophus aliwahi kumuuliza Pruitt sababu.

"Watu wa huku wamezoea anwani zao, Cleo," Pruitt akacheka. Yeye alikaa huko huko ng'ambo. "Na jina lile halipendezi kwenye bahasha ya mtu."

Maneno hayo Cleophus alikaa nayo kifuani miaka tisa.

Wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu alitumwa kusafisha stoo. Ndani ya kabati la chuma akakuta azimio la baraza: barabara yote, kutoka makaburini hadi mtoni, iitwe Treadwell. Halikuwahi kufutwa. Alilisoma mara mbili, akatoa nakala.

Kesho yake asubuhi, jua limeshatoka, alipakia saruji na vibao kumi na vinne vya Treadwell akavuka reli. Kimoja alikisimika mbele ya dirisha la sebule ya Pruitt, shimo akalichimba refu maradufu. Pruitt akatoka na kikombe chake cha kahawa.

"Cleo, nani kakutuma?"

"Baraza. Miaka ishirini na sita iliyopita."

"Ng'oa hicho."

"Ng'oa mwenyewe, Hal. Halafu uwaeleze watu wa gazeti kwa nini umeng'oa."

Pruitt alikimbilia kwa mwanasheria wa mji, akaambiwa azimio lipo hai. Kulifuta kunahitaji kura ya hadharani. Hakuna diwani aliyethubutu kunyoosha mkono.

Tangu hapo, kila Ijumaa Cleophus humtumia Pruitt kadi ya posta. Haina ujumbe, ni anwani tu, yenye jina la Treadwell kwa herufi kubwa.

"Si umeshashinda, mzee wewe?" mkewe, Ernestine, alimwambia juzi. "Mwache mtu wa watu."

"Nimeshinda nini? Lami mpya wameimwaga upande wao, wakaishia relini. Huku kwetu gari la wagonjwa linapita kwa kubembeleza mashimo. Basi naye asipumzike."

Ernestine akamsogezea stempu.