Mti wa Maswali Niliousifu Bila Kuujaribu

Mie nimekosa, na sina wa kumsingizia. Hili nimekaa nalo miaka mingi, leo nalitoa, mnihukumu mtakavyo.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, nikiwa nesi kijana kwenye zahanati moja ya Temeke. Foleni ya watoto ilikuwa inafika barabarani. Nikachora mti wa maswali ubaoni, pale mapokezi. Mtoto ana homa? Ndiyo, pita huku. Hapana, pita kule. Amepata degedege? Ndiyo, aingie kwa mganga sasa hivi. Hapana, akae foleni. Nikajiona nina akili kweli.

Mganga wetu, Ndugu Mbwana, akaniambia, "Usiutumie bado. Waite kina mama wa mtaani waigize, wabebe kanga wamezikunja kama watoto. Waambie wakudanganye, wakufiche. Tuone unakwama wapi."

Nikaona uvivu. Nikawaita manesi wenzangu, tukafunga mlango, tukaigiza huku tunacheka. Nikiuliza degedege, nesi anajibu ndiyo. Nani angenificha pale? Nikarudi kwa Ndugu Mbwana nikamwambia kina mama wameujaribu, hauna tatizo. Nilimwongopea mchana kweupe.

Mti ukaanza kazi. Akaja jirani yangu, Mama Tatu, na Tatu mwenyewe mgongoni, shingo imelegea.

"Amepata degedege?" nikauliza, foleni nzima inasikia.

"Hapana, dada. Homa tu. Amelala."

Kwetu wengi waliamini degedege si la hospitali, kwamba mtoto akichomwa sindano kabla halijamtoka, anakufa. Mama anamfukiza kwanza nyumbani, na akifika zahanati anaficha. Nililijua hilo tangu utotoni. Na nguo za Tatu zilikuwa zinanuka mafusho. Niliyasikia, jamani! Lakini mti ulisema foleni, nami nilikuwa natoka kuusifia mbele ya karani wetu wa mapokezi. Nikamwonyesha mama benchi.

Nikaendelea na wengine, jicho haliachi lile benchi. Moyo unaniambia nenda, nami nasema ngoja nimalize huyu. Mara nikasikia Mama Tatu anamwita mwanawe, kwanza polepole, kisha kwa kelele. Tatu alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Nikamnyakua, nikakimbia naye ndani. Ndugu Mbwana alihangaika naye mpaka shati likalowa jasho.

Hakufa. Lakini alikuwa ameshaanza kusema mama, kusema maji, na baada ya siku ile hakusema tena neno lolote.

Nilimweleza Ndugu Mbwana ukweli, akaufuta mti kwa kiganja chake, hakunitazama. Mama Tatu alinifuata nyumbani.

"Mie nilikuficha kwa sababu niliogopa," akasema. "Wewe umelelewa hukuhuku, moshi uliusikia. Wewe uliogopa nini?"

Tatu ni mtu mzima sasa. Tukikutana njiani wenzake wananiamkia shikamoo, yeye ananishika mkono tu na kutabasamu.

Nyie mnaotunga taratibu, za ubaoni au za hizo kompyuta zenu, msizijaribu kwa watu wanaojua jibu mnalolitaka. Mtafuteni mwenye hofu, mwenye aibu, mwenye sababu ya kuwaficha. Mkikwepa kuaibika kwenye maigizo, mtakuja kukosea kwa mtoto wa mtu.