Kengele Iliyoitangulia Risasi

Juzi katika hoteli moja hapa mtaani Wabera, mfugaji wa ngamia kutoka Biliqo alimwonyesha rafiki yake, polisi wa akiba wa kijijini kwao, video ya wawindaji wa ng'ambo wakisifu risasi mpya, ndefu na nzito, inayoua kutoka mbali sana.

"Angalia, bwana. Hata upepo hauisukumi. Mnyama anaanguka kabla hajasikia mlio. Nyinyi pia mnafaa mpewe hizi."

Mwenzake alipuliza chai. "Ningekuwa nayo asubuhi ile, leo ungekuwa hapa ukinionyesha video?"

Mfugaji akalaza simu kifudifudi.

Asubuhi hiyo, kama walivyokumbushana, polisi alimwona mtu kwa mbali akiswaga ngamia, akadhani ni mwizi. Bunduki yake kuukuu haingeweza kupiga hadi huko, akangoja wakaribie. Ndipo akasikia kengele ya mbao shingoni mwa ngamia, akaitambua. Alikuwa rafiki yake, akirudisha ngamia waliopotea.

"Mama, muongezee maziwa," mfugaji akamwambia mwenye hoteli. "Na hiyo bunduki yake pia uiletee kikombe."

Kuhusu risasi hiyo, wawindaji wataamua wenyewe. Mimi ndugu yangu anachunga huko huko Biliqo, na nashukuru kwamba kengele bado hufika kabla ya risasi.